Mkono wa Darasa

6 Februari

Mama Mdogo mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima. Bibi anakusalimu na kulalamika kwa pamoja, kama kawaida yake. Anasema kwenye simu unaongea kama mtu anayekimbilia basi, kwa hiyo afadhali barua. Bati la jikoni linavuja pale pale, na beseni limekaa chini yake mpaka limekuwa kama mmoja wa familia.

Mimi pia napenda barua. Unanijua. Mbele za watu maneno hunikwama, nikisalimiwa tu natafuta pa kuweka mikono. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Nashukuru kwa kunitafutia kazi hapa kliniki. Napima uzito, napima presha, naita wagonjwa waingie kwa daktari, kwa sauti ambayo hawaisikii, mpaka wenyewe wanaambiana. Sehemu kubwa ya siku nipo chumba cha ndoo. Hukuniambia habari za chumba cha ndoo. Makohozi, mikojo, pamba zilizotoka kwenye vidonda vya miguu, vyote vinapita hapo, na dirisha lake halifunguki. Mwanzoni nilikuwa sili mchana. Sasa nakula, na hilo nalo linanitia kinyaa, kwamba mtu anaweza kuzoea.

Wauguzi wetu wako kwenye ile kozi ya kupanda daraja mnayoisimamia ninyi huko makao makuu. Akifaulu, muuguzi anaruhusiwa kuendesha kliniki ya sukari na presha bila daktari kumsimamia mgongoni. Mtihani wa kwanza ni kutoa damu, na ili wafanye mazoezi wanahitaji mkono wa mtu. Sista Mkuu alitukagua mikono wote, kama anayechagua nyanya sokoni, alipofika kwangu akaita wenzake waje kuona. Mishipa yangu imejitokeza, ni minene na haikimbii. Akasema huu si mshipa, ni bomba la maji. Tangu siku hiyo jina langu ni Bomba.

Sitakudanganya, nilifurahi. Hakuna aliyewahi kunisifia kitu mbele za watu. Na Sista Mkuu ameahidi kwamba wakishamaliza wao, nafasi inayofuata ya kozi, ile ya wasaidizi wanaotaka kuwa wauguzi, ni yangu. Ndiyo ninayoitaka kuliko kitu chochote. Lakini wananichoma karibu kila siku, Mama Mdogo, na nikikunja uso wanasema, "Umezoea wewe, Bomba."

Nilitaka kukuuliza. Huko kwenu nako wanafanya hivi?

Mwanao


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta na mafua, sasa nimepona. Baba yako mdogo amehamishiwa zamu ya usiku, tunaonana mlangoni tu kama walinzi wanaopokezana. Mwambie mama, huyo bibi yako, atafute fundi wa bati, asipande juu ya stuli mwenyewe. Namjua.

Nimefurahi kwamba kazi inakwenda vizuri. Kliniki yenu inazungumzwa sana huku. Katika zote ninazosimamia ndiyo inayofaulisha zaidi, na wakubwa wangu wanauliza siri ni nini. Nawaambia ni bidii. Kwa matokeo hayo huenda mwaka huu nikapewa ukuu wa mafunzo yote. Usimwambie mama, atatangaza mpaka kwa muuza maziwa.

Chumba cha ndoo tumekipita wote. Mimi nilitapikia ndani ya ndoo niliyotumwa kuiosha, nikaiosha tena. Siku moja utacheka.

Hayo mengine ni mambo ya kazi, yatapita. Nakutumia sweta, nimelichagua mwenyewe. Lina mikono mirefu.

Mama yako mdogo


9 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo, na pole kwa mafua na kwa zamu za Baba Mdogo. Fundi wa bati alikuja, akatazama juu, akasema ni kazi kubwa, akanywa chai, akaondoka. Bibi anasema hata yeye angeweza kutazama juu.

Bibi mkono unamsumbua kidogo. Alijigonga. Usijali.

Sweta limefika, linanitosha. Huku ni joto la kulala milango wazi, lakini nalivaa. Nadhani ndivyo ulivyotaka. Barua yako niliisoma mara nyingi nikitafuta jibu la swali langu, mwishowe nikaelewa kwamba jibu ni sweta.

Acha nikueleze sweta linafunika nini. Pale kwenye kunjo la kiwiko pana rangi ya zambarau, pembeni kijani, na chini pana njano ya mgonjwa wa ini. Nikioga nageuza uso. Mkono wa kulia ukichoka wanahamia wa kushoto, halafu wanarudi. Chumba cha ndoo hakinichefui tena kama hiki kitu changu mwenyewe.

Kuna muuguzi tunamwita Dada Marashi, kwa sababu harufu yake inafika kwenye korido kabla yake. Ndiye aliyefaulu kwanza, alama za juu kabisa, kwa mkono huu huu. Siku ya cheti palikuwa na keki na soda. Sista Mkuu alihutubia habari ya kujituma. Mimi niligawa vikombe. Dada Marashi alipokea chake akasema asante Bomba, akiutazama mkono wangu. Nadhani uso wangu haujui.

Vitabu vya kozi vimeandikwa kwa ile lugha nyingine ya shule. Mimi naisoma vizuri kuliko kuiongea, basi mchana wakipumzika wananiita niwatafsirie. Juzi nikafika mahali panaposema mwanafunzi afanye mazoezi kwa mikono ya watu mbalimbali, wazee, wanene, waliokonda, na kwa ridhaa yao. Dada Marashi akapiga miayo akasema, "Hapo ruka." Nikaruka. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo kwa nini niliruka.

Kwa sababu sasa nimeona kinachotokea. Alikuja mzee mmoja, fundi viatu, mikono yake mikavu kama ngozi anazoshona. Dada Marashi akamchoma huku, akamchoma kule, akawa anaichimba sindano humo ndani kama anatafuta ufunguo uliodondoka. Hakupata kitu. Akamwambia, "Mishipa yako mibaya, mzee," na yule mzee akaomba msamaha. Mama Mdogo, aliomba msamaha kwa ajili ya mishipa yake. Nilikwenda chumba cha ndoo nikatapika, na safari hii si kwa sababu ya harufu.

Kliniki nzima inajua kutoa damu yangu tu. Wana vyeti vya kunichoma mimi.

Nafasi yangu ya kozi imesogezwa. Sista Mkuu anasema kuna mpwa wa daktari anayetangulia. Mpwa wa daktari naye atahitaji mkono.

Mwanao


25 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimetubana. Baba yako mdogo amerudi zamu ya mchana na sasa anagundua kila kilichoharibika ndani ya nyumba.

Bibi alijigonga mkono upi? Na wapi? Hukusema.

Kuhusu kozi, subira. Wengi tulisubiri.

Nitafika kwenu katikati ya mwezi ujao kuwapa mtihani wauguzi watatu. Wakubwa wangu wanasubiri matokeo hayo kabla ya kuamua lile jambo nililokuambia. Nitaingia asubuhi na kutoka jioni, sitapata nafasi ya kufika nyumbani, kwa hiyo usimwambie mama asije akajisumbua kupika. Na hapo kliniki si lazima watu wajue kwamba wewe ni mtoto wa dada yangu. Watasema napendelea.

Kula vizuri siku hizo. Kunywa maji mengi.

Mama yako mdogo


19 Juni

Mwanangu,

Salamu kwa Bibi.

Sikulala juzi wala jana. Wauguzi watatu, wote wameanguka. Mbele yangu, na mbele ya yule bwana niliyekuja naye kutoka ofisini. Yule mwenye marashi, aliyeitwa aje awaonyeshe wenzake namna ya kufanya, naye akashindwa. Katika miaka yangu yote ya kusimamia mitihani sijaona chumba kizima kikipigapiga mkono wa mtu mmoja kama wanaua mbu.

Niliposhika vidole vyako vilikuwa baridi kama samaki. Mimi ndiye ninayewafundisha watu kuuchovya mkono kwenye maji ya moto ili mshipa ujitokeze, kwa hiyo usidhani sijui maji ya baridi hufanya nini. Midomo yako ilikuwa imekauka. Hukunywa hata tone.

Wewe ambaye nilikutafutia kazi. Ulinitazama usoni muda wote. Ulikuwa na shida gani hata ukaniaibisha hivi?

Mama yako mdogo


30 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Bibi anakusalimu. Alijua kwamba ulikuja. Mgonjwa mmoja alikuona ukishuka kwenye gari akapita nyumbani kumpongeza. Bibi akafagia uwanja, akatoa vile vikombe vya wageni, akakaa mlangoni mpaka giza likaingia. Kisha akavirudisha vikombe kabatini akasema pengine mgonjwa yule hakuona vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikijua kwamba aliona.

Unauliza shida yangu. Shida yangu ni kwamba siwezi kusema hapana. Kuna watu neno hilo linawatoka kama kikohozi. Mimi nikijaribu linarudi ndani. Kwa hiyo siku ile niliingia chumba cha ndoo, nikajaza ndoo maji ya bomba, nikachovya mikono yote miwili na kusimama mpaka vidole vikafa ganzi. Maji nilikuwa nimeacha kunywa tangu jana yake mchana. Ulikuwa umeniandikia ninywe maji mengi, nikajua ni kwa ajili ya nani. Mishipa yangu ilisema hapana kwa niaba yangu. Iliniuma sana, kama ulitaka kujua. Waliuchimba mkono kama ule wa fundi viatu.

Sasa nitakuambia nilichokuwa nakuficha, ingawa Bibi alinikataza.

Hakujigonga. Mwezi wa tatu alikuja kliniki kupimwa sukari, na akaangukia kwa Dada Marashi, siku chache tu baada ya ile keki. Mishipa ya Bibi unaijua, myembamba, inateleza. Nilikuwa nimeshika trei. Alimchoma mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, akashuka kwenye kiganja, akarudi wa kulia. Bibi alikuwa anaimba kimyakimya kama anavyofanya akiumwa jino. Dada Marashi akachukia, akauliza kwa sauti kwa nini wazee hawanywi maji. Mkono ukavimba mpaka pete haikutoka, tukaikata. Ile pete ya Babu. Tulirudi nyumbani bila majibu ya sukari kwa sababu damu haikupatikana.

Njiani Bibi aliniambia, "Usimwandikie mama yako mdogo. Ndiye aliyempa yule binti cheti, atajisikia vibaya."

Nilishika trei, Mama Mdogo. Nilikuwa nayo mikononi na hata sikuidondosha.

Huwa nawaza kinachonichefua zaidi ni kipi. Si usaha, usaha haujifanyi kitu kingine. Ni ile keki. Ni sauti ya Sista Mkuu akisema kujituma. Ni sweta lako, zuri, la bei, rangi ninayoipenda.

Sista Mkuu amenihamishia chumba cha ndoo siku nzima. Anasema nafasi yangu ya kozi imekwisha, mtu asiyeweza kuwasaidia wenzake hafai kuwa muuguzi. Jina la Bomba wameacha kuniita. Sasa hawaniiti chochote.

Mwanao


24 Agosti

Mwanangu,

Marahaba.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nilimpigia mama. Nilimuuliza habari ya pete, akaniambia habari ya bati. Nikamuuliza tena, akasema sufuria inaungua, akakata simu. Basi nimejua ni kweli.

Nimewaandikia wakubwa kwamba vyeti vyote vya kutoa damu vya kliniki yenu virudiwe, na kwamba kuanzia sasa mtihani ufanywe kwa wagonjwa wenyewe, wa kila umri, wanaokubali. Walipouliza nimejuaje, niliwaambia. Sista Mkuu ameitwa huku kujieleza. Ule ukuu amepewa mtu mwingine. Usimwambie mama. Hakuwahi kujua, kwa hiyo hana cha kutangaza.

Nafasi ya kozi siwezi kukupa mimi, wewe ni damu yangu. Omba kama watu wengine, jina lako haliwezi tena kurukwa na mtu mmoja peke yake. Lakini kozi inataka uwe umeshashika sindano, na najua hapo hakuna aliyekushikisha.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao nakuja. Nitalala nyumbani. Mwambie mama atoe vikombe. Asubuhi tutakwenda kliniki, nimeshamwomba daktari ruhusa, na mimi nitakaa kwenye kile kiti ulichokuwa unachomewa. Mishipa yangu ni mibaya. Utajifunza.

Mama yako mdogo


25 Septemba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Tangu umeondoka Bibi anajisifu kwa kila apitaye kwamba binti yake alipanda juu ya bati kwa miguu yake mwenyewe na kuliziba, na kwamba fundi hana kazi. Mvua imenyesha juzi, hakuna hata tone. Beseni bado lipo pale chini. Hakuna mwenye moyo wa kuliondoa.

Damu ya Bibi imepatikana. Daktari aliitoa mwenyewe, polepole. Sukari iko juu kidogo, amepewa vidonge, anavilaumu kwa kila kitu.

Nimepeleka maombi ya kozi. Sweta nimelikata mikono juu ya kiwiko, usikasirike. Nalivaa kazini. Wagonjwa wanaona, wengine wanauliza, na nimegundua kwamba mtu akiniuliza naweza kujibu.

Mambo ya siku ile ulikuwepo, hakuna haja ya kukusimulia. Lakini ulikuwa umegeuza uso unatazama ukutani, kwa hiyo kuna sehemu hukuiona.

Ulipokunja mkono wa gauni nilidhani nitaona mkono tu. Sikuwahi kuuona mkono wako, sasa hivi ndiyo nafikiria, miaka yote hii, hata kwenye joto, hata ukifua. Pale kwenye kunjo la kiwiko pana vidoa vidogo vyeupe, vya zamani, vimejaa kama chumvi iliyomwagika. Nilipobonyeza, mshipa ulikuwa mgumu, kama kamba iliyofungwa mafundo. Mkono wa kushoto uko vilevile. Hukusema ni vya nini na mimi sikuuliza. Nilijisikia kutapika, Mama Mdogo, kwa sababu nilikuwa nautazama mkono wangu.

Dada Marashi na wenzake walikuwa wamesimama mlangoni kuona Bomba atafanya nini. Harufu yake ilikuwa imejaa chumbani. Nilichoma, nikakosa. Ukakunja uso.

Hapa ndipo ninapotaka kukueleza ukweli. Nilifurahi. Haikuwa furaha kubwa, lakini ilikuwepo, ya moto, ilinipanda kutoka tumboni. Nikawaza sweta, nikawaza kunywa maji mengi, na vikombe vya Bibi. Maneno yakanifika mpaka kwenye meno, yale yale, "Umezoea wewe," na yalikuwa matamu. Sijawahi kujichukia namna ile, hata pale nilipokuwa nimeshika trei. Chumba kizima cha ndoo kilikuwa ndani ya mdomo wangu.

Nikayameza. Nikachomoa sindano, nikaweka pamba, nikabonyeza, nikasema samahani.

Hapo ndipo ulipogeuka kutoka ukutani. Ulinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri, au kama mtu aliyesubiri muda mrefu mpaka akasahau alikuwa anasubiri nini. Ukaniuliza, "Umesema nini?"

Nikarudia lile samahani, kwa sauti, na ulidhani ni kwa sababu yako. Sehemu yake ni kweli. Lakini nilikuwa nimewatazama wale wa mlangoni, na nilitaka na wao wasikie neno hilo lilivyo fupi.

Mwanao